Baiskeli Isiyokaliwa ya Phelix Amolo

Kutoka kwa: Robert Kipkosgei,
Mbeba Kibuyu, Kikundi cha Waendesha Baiskeli,
Mogogosiek.

Kwa Chifu Kipkirui.

Mheshimiwa Chifu,

KUH: OMBI LA KUPIGA MARUFUKU BAISKELI AMBAYO HAINA KITI

Natumaini barua hii itakukuta umeketi vizuri. Mimi naiandika nikiwa nimesimama kando ya kabati la vyombo. Si haraka wala si hasira, ni vile tu mwanga wa dirisha uko upande huu.

Nyumbani ni wazima, ng'ombe ni wazima, na mvua imenyesha mpaka majani chai yanatushinda kuchuma. Sasa nije kwa shida iliyonifanya nichukue kalamu.

Jumamosi, kama ulivyotangaza mwenyewe, tunampokea binti yetu Winny, ambaye amekimbia huko ng'ambo na anarudi na medali. Waendesha baiskeli watamlaki pale darajani na kumsindikiza mpaka uwanja wa shule. Anayetangulia hubeba sotet, kibuyu cha mursik, ili binti aonje maziwa ya kwao kabla hajashikwa mkono na watu wa kutafuta kura. Kibuyu hicho nimekibeba mimi tangu barabara hii ikiwa tope tupu. Nimekipeleka kwa wanariadha, kwa maaskofu, na mara moja kwa mtu ambaye baadaye tuligundua alikuwa dereva wa mgeni.

Sasa vijana wa kikundi wanasema safari hii kibebwe na Phelix Amolo, fundi wa mitambo kiwandani. Sababu yao ni moja: ati juu ya baiskeli yake ataonekana kutoka mbali. Utaamua Ijumaa barazani. Ndiyo maana naandika leo.

Chifu, wewe hupita na gari, huenda hujaiangalia vizuri hiyo kitu. Ina magurudumu mawili madogo, na usukani umeinuka mpaka kifuani. Kiti haina. Sikusema kiti kimevunjika, nimesema haina, hata shimo la kukiweka hakuna. Badala ya pedali ina vibao viwili virefu. Mtu hupanda juu, akasimama wima, akakanyaga huku na huku kama anayepanda ngazi ambayo haifiki popote. Aliyeileta ni mwanariadha mmoja mzungu aliyekuja kufanya mazoezi huku, akaumia goti. Phelix alimtengenezea mnyororo, na siku ya kuondoka mzungu akamwachia. Nina hakika alifurahi kuondoka bila hiyo mizigo.

Ili nisisemwe kuwa nina wivu, nilizunguka nikiwauliza waendesha baiskeli wenzangu wanaionaje. Nilienda kwa miguu, nikisukuma baiskeli yangu nyeusi kwa mkono. Siku hizi huwa naisukuma tu, tangu ile asubuhi tulipoteleza, mimi na madebe ya maziwa, pale kwenye kona. Si kwamba siwezi kuipanda. Naipumzisha. Malalamiko niliyokusanya ni haya.

1. HESHIMA. Hili ndilo kubwa. Unajua kwetu mtu akikutana na mzee njiani hushuka kwenye baiskeli, akasimama, akasalimia, ndipo akaendelea. Mzee akimwona mtu ameacha kiti, anajua heshima yake iko njiani inakuja. Basi wiki iliyopita Mzee Kimeli, mzee wa kanisa, alikuwa anatoka kupeleka majani kwenye kituo. Akamwona Phelix kwa mbali, amesimama wima. Mzee akafurahi moyoni. Akasema, huyu kijana wa watu wa ziwani amelelewa, ameshuka mapema namna hii kwa ajili yangu! Akavua kofia, akaweka kikapu chini, akanyoosha mkono. Phelix akapita kama upepo. Mzee Kimeli akabaki ameshika hewa.

Phelix alipoulizwa alijitetea hivi: "Wazee wangu, si mliniona nimesimama tangu kule juu? Ni heshima gani ingine mnataka?" Watu walicheka, na hiyo ndiyo hatari.

Kesho yake, ili kutengeneza mambo, Phelix alipomwona Mzee Kimeli alifunga breki, akashuka kabisa mpaka chini. Kumbuka juu ya vile vibao yeye ni mrefu kama nguzo ya stima, na chini ni mtu wa kawaida tu, tena wa kawaida upande wa ufupi. Mzee, ambaye macho yake si ya zamani, alimwona akipungua. Akamwambia, "Kijana, mbona unanichuchumalia? Mimi ni mtoto mchanga?" Kwa hiyo, Chifu, asiposhuka ni matusi, akishuka pia ni matusi. Kitu kama hicho kinaweza kuwa halali kweli?

2. UCHOVU. Wilkista, anayechuma majani upande wa bondeni na kwenda kazini kwa baiskeli, aliitazama akaniambia: "Mzee Robert, mimi nasimama kwa majani tangu umande mpaka mvua ya jioni. Kiti cha baiskeli ndicho kiti changu cha pekee siku nzima. Halafu nipande kitu nisimame tena? Huo ni usafiri ama ni kifungo?" Sina la kuongeza. Ingawa alipolazimishwa na wenzake kuijaribu, alienda nayo mpaka kwenye mti wa posta na kurudi, akaenda tena. Nilimuuliza kwa nini alirudia. Akasema alikuwa anahakikisha ni mbaya.

3. MIZIGO. Haina keria. Ogada, anayezungusha samaki kwa baiskeli, aliizunguka kama mtu anayenunua ng'ombe, akauliza, "Sasa sanduku la samaki nitaliweka wapi, niliveshe shati?" Huwezi kubeba debe la maziwa. Huwezi kubeba kuku. Huwezi kubeba bibi, na bibi asiyebebwa hufika nyumbani akiwa amefikiria mambo mengi. Na hicho kibuyu cha Jumamosi kitakaa wapi? Wanasema kitafungwa kifuani kwa shuka, kama mtoto. Nakubali kwamba kikikaa hivyo hakitikisiki hata tone. Nimeambiwa hivyo.

4. KILIMA. Hapa nitakuwa mkweli, maana barua ya malalamiko isiyo na haki ni udaku. Kimeli mdogo, mwana wa yule mzee, ambaye hubeba maziwa, alishindana nayo kwenye kilima cha kiwandani. Phelix alipita huku akimwambia, "Ongeza moto, boss!" Kimeli anadai upepo ulimsaidia mwenzake, kwa sababu mtu aliyesimama ni kama tanga. Mimi nasema kilima si mahali pa kupanda kwa raha. Nasikia ukiwa juu ya vile vibao mapaja yanashika moto, lakini kiuno kinanyamaza kabisa, kama kwamba si chako, na mashimo ya barabara yanapita chini ya miguu bila kupanda mgongoni kukusalimia. Nasikia hivyo. Lakini mashimo yetu tumeyazoea, na ndiyo hutukumbusha tuko kata ipi.

5. MBWA. Mbwa wangu Simba ana kazi moja duniani, nayo ni kufukuza shavu la mguu wa mwendesha baiskeli. Miguu ya kawaida huzunguka, naye anajua mzunguko wake. Alipoiona hii inayokwenda mbele na nyuma, alikimbia kidogo, akasimama, akakaa chini kufikiri. Hajabweka tangu hapo. Siku hizi kitu hicho kikija langoni kwangu anakitingishia mkia. Nyumba yangu haina ulinzi.

6. MAHALI TUNAKOELEKEA. Tuseme umeiruhusu Jumamosi. Jumatatu kila kijana atataka ya namna hiyo. Viti vya baiskeli vitauzwa kwa wanunuzi wa chuma kuukuu. Watoto watakua bila kujua kukaa. Shuleni watakataa madawati. Kanisani watasimama nyuma, mahali ambapo mimi mwenyewe husimama siku hizi kwa unyenyekevu, na tutabanana. Mwisho wazee wataenda kuposa wakiwa wamesimama. Wewe unajua mazungumzo ya mahari yanahitaji makalio mazito na chai ya pili. Wazee waliosimama watagombana kabla chai haijachemka, na hakuna harusi itakayofungwa, kutoka hapa mpaka Roret. Pasipo harusi hapatakuwa na watoto, pasipo watoto hapatakuwa na watu, na chifu asiye na watu ni mtu tu mwenye kofia. Nakuandikia kwa kukutetea wewe.

Kwa hivyo naomba barazani utamke mambo matatu. Kwamba baiskeli ni kitu kinachokaliwa. Kwamba ya Phelix isionekane kwenye msafara. Na kwamba kibuyu kibaki kwa yule ambaye kimezoea harufu ya koti lake. Phelix ni kijana mzuri, ananiita baba, na mwaka jana alinitengenezea mashine ya kukata majani ya ng'ombe akakataa hata chai. Sina neno naye. Neno langu ni kwa kile chombo.

Nisalimie mama wa nyumba yako, na karani wako, na askari wako anayelala kwenye benchi la ofisi. Mwambie alale akijua kuna watu wangependa kulikalia. Salamu pia kwa Mzee Kimeli ukimwona, lakini usimpe mkono kwa ghafula, bado ana kidonda cha moyo.

Ni mimi, mtiifu kwako na kwa serikali,
Robert Kipkosgei

N.B. Chifu, nilikuwa nimeshafunga bahasha nikaifungua tena. Mke wangu Chepchirchir ameisoma, akaniuliza kama nitakuandikia ukweli au akuandikie yeye.

Ile siku niliyoteleza na madebe, niliumia mfupa wa chini wa mgongo. Daktari amesema kiti cha baiskeli nisahau, si mwezi huu tu, kabisa. Nimekaa miezi nikisukuma ile nyeusi ili watu wasijue. Mtu asiyeweza kukaa kwenye baiskeli atatanguliaje msafara? Nilijua wakijua, kibuyu kimeondoka. Phelix alijua, kwa sababu yeye hutazama vitu vinavyotembea vibaya. Hakumwambia mtu. Alikuja tu jioni moja, akaiegemeza baiskeli yake kwenye ua wangu, akasema, "Baba, hii huku haina kazi nikiwa zamu." Tangu hapo nafanya mazoezi kwenye kijia kati ya majani chai, yeye akikimbia kando yangu na kuniambia, "Usiangalie miguu, baba, angalia barabara!" Mambo yote niliyosema nimesikia, nimeyasikia mwilini mwangu.

Kwa hiyo marufuku naomba iwe kali, lakini ianze Jumapili. Jumamosi nitatangulia mimi, nimesimama, kibuyu kifuani. Phelix atafuata nyuma juu ya ile yangu nyeusi, na amefurahi, anasema hajawahi kukaa namna hiyo. Na ikikupendeza, hata Jumapili usiianze haraka.

Jambo moja tu, la muhimu. Mzee Kimeli atakuwa mstari wa mbele. Mwambie akiniona nakuja nimesimama asivue kofia wala asinyooshe mkono mpaka aone miguu yangu miwili iko kwenye nyasi. Mimi na hizo breki bado tunazoeana.