Ndambiri na Paja la Mbuzi

Ndambiri wa Manyatta hakuwahi kuiba kitu cha mtu. Alikuwa akipewa. Siku moja, akinywa chai kavu kwenye hoteli moja mjini Embu, aliona wazungu wawili wenye kamera wakiongezewa nyama bila kuomba, mwenye hoteli mwenyewe akiwafukuzia nzi kwa gazeti. Akatazama chai yake, akatazama ile nyama, akatambua kwamba maishani alikuwa amekosa kamera tu.

Akaitafuta. Ilikuwa mbovu, lakini ilining'inia vizuri shingoni. Tangu hapo akawa mkaguzi wa kimataifa wa hoteli za watu binafsi, anayewachagulia watalii mahali pa kula wakija kuona mlima na majengo ya zamani. Hakuomba hata shilingi. Alionja tu, na alionja Embu nzima. Masharti yake yalikuwa mawili: asirudi mahali alipokwisha kula, na asipigwe picha. Kuna matapeli ambao mtaji wao ni pesa. Wake ulikuwa uso usiojulikana. Watu wakiujua, atalala njaa.

Embu ilipokwisha, akapanda Meru.

Hapo mjini kulikuwa na mama mmoja, Kaari, aliyegeuza sebule yake kuwa mkahawa. Meza nne, vitambaa vya kufuma, picha ya harusi ukutani. Ng'ambo ya barabara hoteli ya Kobia ilijaa mpaka watu wakala wamesimama. Kwa Kaari kulikuwa na paka.

"Mama, mimi ni mkaguzi wa kimataifa," alisema Ndambiri.

"Karibu sana. Unakagua nini?"

"Ladha."

Kaari alitazama viatu vyake, kisha kamera, kisha tumbo. "Na choo hukagui?"

"Choo kina idara yake."

"Basi kaa, mheshimiwa. Utuombee chakula kwanza."

Ndambiri aliomba vizuri sana. Mtu anayekula vya watu hujifunza kuomba. Kisha akashughulikia mukimo wa viazi na mahindi na kuku wa kienyeji kwa uzito unaostahili kazi ya kimataifa, mpaka Kaari akahurumia mifupa.

"Nisamehe," alisema mama huyo. "Sikujua cheo chako, nikakupa kuku. Mtu kama wewe anachinjiwa mbuzi. Kesho nachinja."

Ndambiri alikuwa amekula vipande vya mbuzi wengi wa watu, lakini hakuna aliyewahi kuchinjwa kwa ajili yake. Moyo wake ulilainika kweli. "Mbuzi mzima?"

"Mzima. Lakini mbuzi wa mgeni hachinjwi kimyakimya kama wa wizi. Utapigwa picha moja tu na sisi, umeshika paja. Ukumbusho."

Alikataa. Alikataa tena asubuhi. Ilipofika saa sita nyama ikaanza kunukia, na sharti la picha likayeyuka pamoja na mafuta. Maxine, binti wa Kaari, akainua simu.

"Uncle, smile kiasi."

Ndambiri akatoa meno yote, paja mkononi. Kisha akala, akashiba, akalala kwenye kochi la mwenyeji, jambo ambalo mkaguzi hashauriwi kulifanya.

Alipotoka kesho yake kuelekea stendi, alikutana na yeye mwenyewe. Alikuwa kwenye bango juu ya barabara, mkubwa kama ukuta, ameshika paja: MKAGUZI WA KIMATAIFA AMEKULA KILA MAHALI. AMECHAGUA KWA KAARI. Akarudi mbio, akakuta foleni imefika hadi getini. Kobia mwenyewe alikuwemo.

"Mama, toa hiyo kitu."

"Nitaitoaje na imeniletea watu?"

"Hukuniuliza."

"Na wewe uliniuliza kama nimekuamini?" Kaari aliendelea kupakua. "Hiyo kamera haina hata kioo, mheshimiwa. Lakini sawa. Simama hapa mbele ya hawa watu uwaambie wewe si mkaguzi, nitaitoa saa hii."

Ndambiri aliwatazama watu waliokuwa kwenye foleni. Walikuwa na njaa na mikono mikubwa. Akaaga kwa heshima.

Picha ilifika Embu kabla yake. Alipoingia kwenye hoteli ya Muriithi, iliyofunguliwa juzi tu, alikaribishwa kama mbunge, akala wali na nyama. Kisha bili ikaja.

"Lakini mimi ni mkaguzi."

"Tunajua," alisema Muriithi kwa upole. "Na ulishasema chakula bora ni cha Kaari. Hapa ni chakula cha kawaida, mzee. Watu wa kawaida wanalipia."

Ndambiri alipekua mifuko yote, hata ile aliyojua haina kitu. Akaweka kamera mezani. Muriithi akaifungua, akachungulia ndani, akairudisha. Kisha akamwonyesha sufuria.

Alikuwa anasugua ya tatu wakati wateja walipomtambua, wakaomba picha. Kufikia Jumamosi Embu nayo ilikuwa na bango: mkaguzi amevaa aproni, povu hadi viwikoni. KWA MURIITHI, HATA SUFURIA ZIMEKAGULIWA.

Ndambiri alipita chini yake akienda Manyatta kwa miguu, ameinamisha kichwa, tumbo likinguruma. Njia nzima watu walimpungia mikono, na mama mmoja akasimamisha watoto wake wamsalimie. Jioni ilikuwa inaingia, na kila jiko lilikuwa linafuka moshi. Hakuna aliyemkaribisha ndani. Mtu aliyezoea vyakula vya kimataifa, nani angethubutu kumpa githeri ya jana?