Utando wa Mheshimiwa Usioogopa Waya

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Kamati ya Kuandaa Kamati, Mheshimiwa Makamu wake ambaye leo amewahi kiti chenye mto, waheshimiwa wajumbe mliokwishapata posho na ndugu wajumbe mnaoingojea, fundi saa, mpiga picha, mama yetu wa cherehani kule mstari wa nyuma, watoto mliopanda ukuta, na wewe mlinzi uliyenizuia getini ukaniuliza namtafuta nani: itifaki imezingatiwa. Niliyemsahau asinune, amesahauliwa kwa heshima zote. (Makofi. Mengine ni ya kuua mbu.)

Mimi, Mkurugenzi wa Idara ya Vitu Vinavyoona, Vinavyosaidia Kuona na Vinavyofanana na Hivyo, nasimama mbele yenu nikiwa na furaha ambayo haijawahi kupimwa na idara yoyote, kuwatangazia kwamba ule utando wa kinga, yaani lile tabaka jembamba lisiloonekana linalopakwa juu ya kioo cha miwani, cha kamera, cha darubini na cha kitu chochote chenye tabia ya kutazama, sasa ni wetu. Wenzetu wa nje wamehangaika sana. Wakitengeneza mgumu, unakataa mikwaruzo lakini ukiukunja kidogo tu unapasuka kama ganda la yai. Wakitengeneza laini, unakunjika vizuri, ila ukiupangusa kwa ncha ya shati umeshachunika. Nikawaambia wataalamu wangu, kwani lazima tuchague? Uwe mgumu kama mimi nikiombwa ruhusa, uwe laini kama mimi nikialikwa semina. (Kicheko. Katibu wa Mheshimiwa anacheka tena, peke yake.)

Ndipo tukaanzisha mchakato shirikishi wa kimkakati, tukafanya upembuzi yakinifu, kisha tukaupembua ule upembuzi, tukajifungia hotelini na mastekiholda, tukatoka na dira, dhima na fulana. Sayansi yenyewe ni rahisi, hata ninyi mtaelewa: unachukua chembe za kioo ndogo kupita vumbi, unazichanganya na plastiki inayonyumbuka, chembe zinaleta ugumu, plastiki inaleta adabu, unapaka, unakausha, unanipigia simu. Hiyo ndiyo nanoteknolojia, na nano, ndugu zangu, ni kitu kidogo sana, kidogo kiasi kwamba mimi mwenyewe sijawahi kukiona. (Mtu anasema, kwa sauti ya kusikika, kwamba hilo analiamini.) Mafanikio yamefikia asilimia mia moja na kumi na mbili. Ile kumi na mbili ni ya ziada, tumeihifadhi.

Najua kuna minong'ono. Mmesema mlileta miwani na vioo vyenu hapa idarani vipakwe utando, na mpaka leo havijarudi. Fundi saa analalamika kwamba siku hizi anatengeneza saa kwa kuzisikiliza. Mpiga picha anatishia kurudi kwenye kuchora. Na mama wa cherehani, huyo ndiye kabisa, kila asubuhi yuko mapokezi, eti bila miwani hapati tundu la sindano, eti sare za wanafunzi amezishona mifuko kwa nje, eti mwalimu mkuu amemwambia zisipokuwa tayari shule zikifunguliwa kazi anapewa mwingine. Mama yangu, vuta subira. Utando unakauka. Na kitu kisichoonekana utajuaje kimekauka? Hapo ndipo utaalamu ulipo. (Miguno. Mama wa cherehani anakodoa macho kuelekea jukwaani, haoni kitu.)

Lakini mimi si mtu wa maneno. (Kicheko kirefu ambacho hakikuwa kwenye ratiba.) Leo naonyesha kwa vitendo. Miwani hii ninayosomea hotuba imepakwa utando wetu wenyewe. Naivua. Naipitisha mstari kwa mstari muishike muione, mpaka kwa mama kule nyuma, kisha mnirudishie. Haya, imerudi. Ni safi, kana kwamba hakuna kitu juu yake! Na huu hapa ni waya wa chuma wa kusugulia masufuria. Sasa nasugua…

(Mama wa cherehani amesimama. Anapita katikati ya viti, watu wanavuta miguu. Anasema: “Baba, hiyo ni miwani yangu. Huo uzi kwenye mkono wa miwani nimeuzungusha mimi, nimeushika sasa hivi.”)

Mama, naomba utaratibu. Uzi upo, ni kweli. Uzi ni sehemu ya utafiti.

(“Basi sugua,” anasema, mkono ameunyoosha. “Kama umeipaka kweli, sugua. Nitaipokea hivyo hivyo.” Ukumbi unamwomba Mheshimiwa, kwa upole kabisa, asugue.)

Ndugu zangu, tusikurupuke. Kusugua ni awamu ya pili. Halafu mama, kuwa na utu, nikisugua, kesho nitasoma na nini? (Hata katibu amelisikia hilo.) Nilimaanisha… Usivute, mama. Utaukata uzi. Haya, chukua.

(Anavaa. Anamtazama Mheshimiwa kuanzia viatu mpaka utosi, anasema alimdhania mrefu zaidi.)

Sasa karatasi siioni, kwa hiyo namalizia kwa moyo, jambo ambalo sijazoea. Miwani safi! (Kimya.) Utando mgumu! (Kimya.) Unakunjika! (Mtoto mmoja ukutani anasema, “Kama wewe.”) Basi nashukuru. Nakushukuru mama kwa kuniazima macho bila kujua. Namshukuru mpwa wangu, mtaalamu wetu mkuu, anayeuza makava ya simu pale kona, kwa kukubali kuvaa koti jeupe. Fundi saa, kioo chako kipo mezani kwangu, kinazuia karatasi zisipeperuke. Cha mpiga picha anakichezea mjukuu wangu. Mliopiga picha mlango wa maabara, asanteni, ile ni stoo ya mafagio. Na zaidi ya yote nawashukuru kwa kuuamini mradi ambao, kwa kuwa haujawahi kuwepo, hauna mkwaruzo hata mmoja.

(Makofi yanaelekea mlangoni. Mama wa cherehani hageuki, anawahi sare.)