Mafiga Matatu ya Fahamu

Jumatatu, 4 Machi 1974. Arua.
Nimeamka na jambo kubwa! Wanafalsafa wanasema mtu ni mawazo yake. Watu wa sayansi wanasema ni damu na ubongo. Mashehe na mapadri wanasema ni roho. Kila mmoja kakumbatia figa lake, na chungu kiko chini! Hakuna aliyewaza kuyakutanisha. Hakuna, ila mimi, Fadhul, fundi cherehani, tena kabla ya chai.

Jioni nikampelekea habari Medina, yule mjane anayesuka kawa za kufunikia chakula. Nimemposa mara mbili. Hakuruka kwa furaha. Alinikumbusha mizinga yangu isiyo na nyuki, sabuni iliyokataa kuganda, na suruali ya mwalimu Kasimiro yenye mguu mmoja. Akasema: "Fadhul, mambo yako yote iko na mwanzo. Mwisho iko wapi?" Jumapili mjomba wake Tahiru anakuja kutoka Koboko. Nikiwa nimemaliza jambo moja, lolote, atanikubali. La sivyo kuna mchuuzi wa Koboko anayesubiri jibu. Ana lori.

Siku sita za kueleza fahamu yote ya binadamu. Zitatosha na kubaki.

Jumanne, 5 Machi.
Falsafa. Nimekwenda Ombaci kwa baiskeli kumwona Kasimiro, aliyesoma seminari miaka mitatu na bado anatembea kama askofu. Akaniuliza: mtu akilala bila ndoto, nafsi yake iko wapi? Nikajibu iko palepale, imelala. Akauliza nani anayejua kwamba imelala. Nikamwambia nina haraka. Akaulizia mguu wa pili wa suruali. Wivu huo!

Falsafa imekwisha.

Jumatano, 6 Machi.
Sayansi. Nimeazima kipimajoto kwa dresa mmoja wa zahanati. Nilijipima nikifikiri: thelathini na saba. Kisha nikajaribu kujipima bila kufikiri. Nimeshindwa, maana muda wote nilifikiria namna ya kutofikiri. Nikampima mbuzi wa jirani, ambaye hana shida hiyo. Akakikanyaga.

Sayansi nayo imekwisha, kwa kuwa kifaa kimekwisha.

Mchana bahati ikaja yenyewe. Ezati, Mlugbara wa Ayivu anayeniletea mihogo, bingwa wa usingizi, alinieleza kwamba kwao kila mwanamume ana wito wake. Sauti ndefu, haina maneno. Akiupiga kilimani, wote wanajua ni yeye. Mwingine haruhusiwi kuugusa. Akanionjesha wake kwa sauti ya chini. Nikasimama! Hiyo ndiyo roho yenyewe, tena inasikika! Ezati atalala, mimi nitapiga wito wake, nafsi itarudi. Mafiga yote matatu kwa pigo moja! Alianza kusema kuna siku moja tu mtu mwingine huruhusiwa kuupiga, lakini akapiga miayo, nami nilikuwa na shughuli.

Alhamisi, 7 Machi.
Ee Mola.

Ezati alikula, akalala chini ya ghala lake. Jogoo alipanda kifuani mwake, hakutikisika. Nikapanda kichuguu, nikajaza mapafu, nikaupiga wito wake mara tatu. Niliupiga vizuri! Majembe yakanyamaza kilima kizima. Mwanamke mmoja akalia. Mwingine akamwitikia ng'ambo ya bonde.

Mzee mmoja alinipita mbio akilia kwamba mrithi ameita, ndipo nikapata elimu. Siku hiyo moja ni siku ya msiba, na anayeupiga wito ni mrithi. Kwa hiyo nimetangaza kifo cha Ezati, na kujitangaza mrithi wake!

Wakaja. Watu walitoka hata Dadamu, na ngoma na kuku. Yakani, nduguye, ambaye hajasalimiana naye miaka miwili kwa sababu ya mpaka wa shamba, alijitupa chini akilia kwamba hakuna mtu aliyekuwa mwema kama Ezati. Mimi napiga kelele kwamba yu hai. Nani amsikilize mtu wa mjini aliyevaa viatu msibani?

Nikamtikisa Ezati. Akanifinya. Alikuwa macho tangu wito wa kwanza! Akaninong'oneza nimwache, Yakani hajafika kwenye mpaka.

Yakani akafika. Kwa machozi akasema mpaka ulikuwa wa ndugu yake tangu zamani, na yeye mwenyewe alijua. Ezati akaketi, akasema asante. Mwombolezaji mmoja akapiga yowe: "Hii mutu iko hai!" Wakakimbia wote. Wakarudi. Yakani akamkumbatia nduguye kwa nguvu mpaka nikaogopa atamuua kweli. Na kwa kuwa ngoma zilikuwa zimeshabebwa mwendo wote huo, zikapigwa hadi jua kuzama. Wazee wamenitoza mbuzi. Nilicheza hata hivyo.

Ijumaa, 8 Machi.
Baada ya swala mji mzima unanicheka. Kasimiro kaja kwa baiskeli kuuliza nimethibitisha nini. Nikasema nafsi huitika ikiitwa. Akasema mtu yeyote huamka akipigiwa kelele.

Sina nadharia. Sina Medina. Leo nina huzuni, na sioni aibu kuiandika.

Jumapili, 10 Machi.
Mjomba Tahiru kaja. Akauliza nimemaliza nini. Nikamsimulia yote, bila kupamba. Alicheka mpaka akavua kofia, akajipangusa macho. Medina alisimama mlangoni na sinia. Hakucheka. Aliuliza Ezati na Yakani wakoje sasa. Nikasema jana walilima pamoja, upande huu na upande ule wa mpaka.

Medina akaweka sinia chini. "Mjomba, ugomvi ya miaka mbili imekwisha. Hii moja Fadhul amemaliza."

Mjomba akasema ndiyo. Medina akaniapisha niachane na fahamu za watu. Nikaapa kwa moyo wote. Ningeapa hata kuacha kula! Nimekuwa mtu mwenye furaha kuliko wote West Nile.

Jumatatu, 11 Machi.
Kiapo ni kiapo. Fahamu nimeiacha kabisa. Lakini asubuhi nimetembea mpaka sokoni bila kuhisi miguu, na swali likaja lenyewe: je, furaha hupunguza uzito wa mtu? Hilo ni somo jingine, halimo katika kiapo.

Nimeazima mizani ya tumbaku. Mjomba Tahiru bado yuko, na ana furaha tele. Nitampima hivyo hivyo. Kisha nitamwambia, kwa dakika moja tu, kwamba nimebadili nia ya kuoa, nimpime tena.