Hotuba ya Kufungua Kituo cha Malezi Mapya, Masaka

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye leo anawakilishwa na dereva wake. Waheshimiwa Wakurugenzi, Wakurugenzi Wasaidizi na wanaowakaimu. Wachungaji, mapadri na Sheikh wetu. Wadau wa maendeleo mliopo hapa na mnaotufuatilia kwa simu. Wazazi wa Masaka, Kicukiro na Gisozi. Itifaki imezingatiwa, na kama kuna cheo nimekiruka, kihesabike kimetajwa. (Makofi.)

Mimi, Conrad Nsengiyumva, Mratibu Mkuu wa Programu Jumuishi ya Malezi ya Vijana Wanaopitia Changamoto, ninasimama mbele ya jengo hili lenye mapazia meupe kuwatangazia kwamba leo tunafungua rasmi kituo cha bweni ambamo kijana aliyeshindikana nyumbani, aliyefukuzwa shule na kuzoea chupa, atalala, atatibiwa na kusomeshwa chini ya paa moja, kwa viwango vya kimataifa. (Vigelegele.)

Ninajua mmehangaika. Mzazi mwenye kijana wa namna hiyo, shule inamwambia ampeleke hospitali, hospitali inamwambia ampeleke shule, na shangazi anamwambia ampeleke kijijini. (Kicheko. Kinamama kadhaa hawacheki.) Ndiyo maana kwa miaka minne mfululizo ofisi yangu imefanya upembuzi yakinifu, warsha kumi na moja, na ziara ya mafunzo katika nchi tatu za baridi, ambako mimi binafsi nilikula chakula cha bweni siku mbili nzima, na leo ninasema bila woga kwamba utayari wetu umefikia asilimia tisini na saba nukta nne. (Makofi. Mama mmoja amesimama mlangoni na godoro la kukunja. Pembeni yake msichana wa miaka kumi na sita ameshika beseni.)

Aa! Mwanafunzi wetu wa kwanza ameshafika! Wapiga picha, huku. Mama, jitambulishe kwa kifupi.

("Naitwa Uwizeye, niko fundi wa kushona. Huyu ni Kirezi wangu. Mashule tatu imemufukuza sababu ya pombe. Tangazo ilisema tukuje leo na matela, ndiyo hii godoro. Mheshimiwa, miezi nane namuomba, na leo asubuhi ameitika mwenyewe. Atalala wapi?")

Swali zuri sana, na nimelipokea kwa mikono miwili. Ndugu zangu, huo ndio ushiriki wa walengwa tunaousema kila siku kwenye semina. Kuhusu malazi, vitanda viko katika hatua ya juu ya kimkakati: mchoro wa kitanda umepitishwa, mafundi wa Gisozi wamehamasishwa, na suala la rangi limeundiwa kamati. Daktari naye ametengewa kiti. (Makofi machache.)

("Lakini ni leo, Mheshimiwa. Kesho atakataa.")

Mama, tuweke hisia kando, tuzungumze kwa takwimu. Aliyejiandikisha ni mmoja, aliyefika ni mmoja. Mahudhurio yetu ni asilimia mia moja, na sijui kituo kingine katika ukanda huu wa Maziwa Makuu kinachoweza kujigamba hivyo. Kirezi binti yangu, wewe ni ushahidi hai wa mafanikio yangu. Tabasamu. (Kirezi anaweka beseni chini.)

Kabla sijahitimisha, tuitikie pamoja, na sauti ifike barabarani. Kijana mpya! (Malezi mapya!) Hakuna atakayeachwa nyuma! (Nyuma!)

Mwisho, shukrani za pekee kwa Mzee Ndayisaba, mwenye ukumbi huu wa harusi, aliyetuazima jengo na mapazia yake hadi saa saba kamili. Kibao cha kituo kitang'olewa sasa hivi kirudi ofisini, kisubiri uzinduzi wa mwakani, kwa sababu kiwanja bado tunakitafuta, na kwa sasa kituo, kitaalamu, ni hicho kibao. Bibi harusi yuko njiani, kwa hiyo tupishe mlango, na mama, tafadhali, godoro litoke kwenye zulia.

(Mama Kirezi anainama kulichukua. Anageuka. Beseni lipo, msichana hayupo. "Kirezi! Kirezi we!" Anaacha godoro, anakimbilia barabarani kwenye pikipiki za abiria.)

Naam, naona binti ameshaondoka. Katibu, andika kwenye ripoti: ameingia mmoja, amehitimu mmoja. Murakoze cyane, asanteni sana.