Kuhusu Kuondolewa Kwangu Katika Safu ya Wabeba Mawe

Msambweni,
14 Machi 1966

Kwa Mwenyekiti,
Kamati ya Harambee ya Kujenga Zahanati.

Ndugu Athmani,

Salamu nyingi, na ninakuombea afya kama hii niliyo nayo mimi.

Jumamosi iliyopita nilifika kazini kabla ya watu wote. Msimamizi wako, Chome, alinipa shikamoo, kisha akasema, "Babu, leo wewe ni mgeni wetu," akanikalisha kivulini pamoja na wazee. Nina miaka sabini na miwili tu. Ninapinga uamuzi huo kwa sababu hizi:

1. Chome anadai kwamba sasa ninabeba jiwe moja, nami zamani nilibeba matatu. Ni kweli, lakini hakuyapima. Matumbawe yanayochimbwa tangu tupate Uhuru ni mazito kuliko yale ya enzi ya Mwingereza. Wazee wenzangu wote ni mashahidi.

2. Inasemwa kwamba nilianguka mwezi wa Rajabu. Nilijikwaa. Nilibaki chini tangu adhuhuri hadi alasiri kwa sababu nilikuwa ninaukagua msingi.

3. Mafua. Zamani yalikuwa yakija Ijumaa na kuondoka Jumapili, kwa adabu. Mwaka huu yamekaa kwangu siku arubaini, kama mzazi aliyetoka kujifungua. Hilo ni kosa la mafua, si la mwenye pua.

4. Wabeba mawe walikula sinia moja, wali na samaki wa kupaka. Sisi wa kivulini tulipewa uji, na Chome akaniuliza mbele ya watu, "Babu, nikupulizie?" Mimi ndiye niliyemfundisha kusoma.

Hili la nne ndilo liniumalo. Mtoto wa kwanza atakapotibiwa katika zahanati hiyo, ninataka nimwonyeshe ukuta na kusema: jiwe lile nililileta mimi, kwa kichwa changu. Ninaomba nirudishwe safuni Jumamosi ijayo.

Nisalimie mkeo Khamisa, watoto na wanakamati wote. Chome naye, mwisho kabisa.

Ni mimi mwalimu wako wa zamani,
Suleiman Mwero

Tanbihi: Hati hii ni ya binti yangu, Mwanafatuma, mimi ninasema, yeye anaandika. Jana uani niliinua jiwe moja ili nipate ushahidi wa kukuletea. Jiwe liliinuka vizuri. Mimi bado sijainuka. Mwanafatuma anasema mlete machela, nami simpingi. Kazi isiningoje. Imalizeni hiyo zahanati upesi.