Diwani Anafuata Mwezi Gani

Jumatatu, 10 Februari
Kosa la watu wengi wanaponunua farasi ni kumtazama meno. Jicho ndilo la kutazama! Mimi, mwalimu mstaafu wa biolojia, nilitazama jicho. Lilikuwa safi kama glasi. Bahati mbaya nilitazama siku nzuri.

Diwani ni mweupe, mpole, mroho wa maganda ya miwa. Nilimvusha kutoka Kigamboni kwa pantoni ya Magogoni mwezi uliopita, nikamfunga uani kwetu hapa Mchafukoge. Baada ya siku chache jicho la kushoto likafumba, likatoa machozi, kisha likatulia lenyewe. Nikampigia simu aliyeniuzia. Akajibu bila haya kwamba ule ni upofu wa mwezi. Watu wa farasi wanauita hivyo tangu zamani, kwa kuwa huja na kuondoka kama mwezi. Nikamshukuru! Kinachokwenda na mwezi kinahesabika.

Jumamosi Diwani atambeba bwana harusi wa Husna, binti wa jirani yangu Nurdin, muuza vitambaa. Nimeahidi mbele ya watu. Kasmir alikuwepo, akacheka. Huyu Kasmir ana gari la wazi na kundi la tarumbeta, na kila harusi ya Kariakoo ni yake. Ilikuwa yake.

Jumanne, 11 Februari
Nimeazima kalenda ya Kiislamu kwa Nurdin. Mimi Mlutheri, lakini sayansi haina dhehebu. Mara ya kwanza jicho lilifumba mwezi ukiwa mpevu. Mpevu mwingine ni kesho. Likifumba kesho, Jumamosi litakuwa wazi. Hesabu nyepesi!

Matilda, mke wangu, akauliza kwa nini nisimwite daktari. Nikamweleza jinsi mwezi unavyovuta maji ya bahari, na kwamba jicho nalo lina maji. Akasinzia kabla sijafika kwenye kupwa.

Jumatano, 12 Februari
Mwezi mpevu. Nimekaa na Diwani tangu asubuhi nikimsubiri augue. Hakuugua. Amekula kofia yangu.

Nurdin ana dokezo. Yeye na shemeji yake hubishana kila Ramadhani: yeye hufunga mwezi ukionekana popote duniani, shemeji husubiri uonekane hapa hapa. Akasema huenda Diwani yuko upande wa shemeji. Lina mantiki! Shida ni kwamba farasi haulizwi.

Alhamisi, 13 Februari
Jicho zima kabisa. Nimetangaza ushindi kwenye kijiwe cha kahawa. Nikamshauri Kasmir auze tarumbeta zake.

“Mwalimu,” akasema, kijiwe kizima kikisikia, “huyo farasi atamfikisha bwana harusi kwa bibi, au kwenye nguzo ya umeme?”

Walicheka mpaka muuza kahawa akaweka birika chini. Wahuni.

Ijumaa, 14 Februari
Limefumba! Na ndani mna ukungu kama maji ya mchele. Nikakimbilia Kariakoo kutafuta miwani ya jua. Muuzaji akauliza ni ya mtu mzima au mtoto. Nikasema ana kichwa kirefu.

Kurudi, namkuta Dokta Violeth, daktari wa mifugo, niliyemfundisha mwenyewe. Matilda ndiye aliyemwita. Shikamoo yake ilikuwa ndefu, mengine mafupi. Mwezi hauhusiki. Ni uvimbe wa ndani ya jicho. Hutulia, hurudi siku uitakayo wenyewe, na kila ukirudi hula sehemu ya uoni. Watu huacha dawa jicho likifunguka tu, ndiyo maana farasi hupofuka. Matone kila siku, kivuli, asione jua wala vumbi.

“Ukimtoa kesho, Mwalimu, jicho hilo lihesabu limekwenda.”

Nikauliza kuhusu miwani. Akaitazama miwani. Akanitazama mimi.

Diwani akanilazia kichwa begani, upande wa jicho bovu. Basi! Nikaenda kwa Nurdin nikasema farasi hatoki. Kijiwe kicheke kikitaka.

Jumamosi, 15 Februari
Husna ameamua: kama Diwani haendi harusini, harusi itampitia Diwani. Msafara mzima wa bwana harusi ukaingia uani! Matilda alikuwa amemfunika farasi macho kwa khanga yake iliyoandikwa NILIYOYAONA YANANITOSHA. Kasmir akanyamazisha tarumbeta tangu kona ya mtaa, wapigaji wakaingia wakinyata. Akina mama wakapiga vigelegele vya kunong'ona. Sijawahi kusikia kitu kama hicho! Bwana harusi akapigwa picha kivulini, Diwani akala ua la koti lake.

Kisha Kasmir akanivuta mkono nipande gari lake, akanipakatisha tarumbeta kubwa kuliko zote. Nimepuliza mara moja tu. Labda mbili. Akina mama wa Mtaa wa Msimbazi walinishangilia.

Jumapili, 16 Februari
Jicho limefunguka. Na nimegundua kosa langu! Mwezi mpevu Jumatano, jicho Ijumaa. Diwani hafuati mwezi wa Nurdin wala wa shemeji; anafuata wa kwao alikozaliwa. Ni suala la kupata kalenda ya huko tu. Nimeshaahidi harusi nyingine baada ya Idi, na Kasmir nimemjulisha, kwa upole, ajiandae kunifuata nyuma.

Matilda, najua unasoma humu: hata kama jicho limefunguka, leo mtie Diwani matone yake.