Picha Isiyokaa Gizani

Kuanzia Jumatatu ile, saa nne kamili asubuhi, umeme uliacha kukatika. Tangazo lenye mihuri mitatu lilibandikwa kwenye mlango wa kila ofisi ya Shirika la Umeme: neno "kukatika" limefutwa, na badala yake umeme utakuwa "unapumzika", maana nao ni mchapakazi kama wachapakazi wengine na una haki ya kuvuta pumzi. Aliyeliandika alikuwa Naibu Mkurugenzi wa Mapumziko, mtu mfupi, nadhifu, anayefunga tai hata Jumamosi. Alipoliona limebandikwa, machozi yalimlengalenga. Wateja waliokuwa kwenye foleni walilisoma wakacheka mpaka mmoja akakaa chini, naye Naibu akaandika kwenye daftari lake kwamba wananchi wamelipokea kwa furaha.

Nyumbani hali ilikuwa nyingine kabisa. Mkewe alikuwa na mashine ya kutotolesha vifaranga, sanduku la bati lenye kidirisha cha kioo, limekaa pale sebuleni kama mgeni asiyeaga. Ndani mlikuwa na mayai tisini na sita, siku yao ya kumi na mbili. Mayai hutaka joto siku ishirini na moja bila kukoma, wala hayajui habari za tangazo. Mwezi uliotangulia umeme ulipotea kutwa nzima siku ya kumi na tisa, na mama yule aliyafukia mayai yote nyuma ya nyumba bila kusema neno. Ukimya ule ulimtisha Naibu kuliko kelele zote alizowahi kupigiwa na wateja. Alimpenda mkewe, tena alimpenda vibaya sana, ingawa hakukuwa na fomu ya kulieleza hilo.

Jioni ya Jumatatu alimsomea tangazo lote, pamoja na nakala zimepelekwa kwa nani. Mkewe alisikiliza hadi mwisho.

"Sawa, baba," alisema. "Ila haya yakifa, mimi na mashine yangu tunahamia kwa dada. Wewe utabaki na waraka wako, uuatamie."

Dawa yake ilijulikana mtaa mzima: betri, na inveta ya kugeuza umeme wa betri uwe wa nyumbani. Lakini ofisa wa Shirika akionekana anabeba betri, si ndiyo amekiri kwamba umeme unakatika? Naibu alizunguka na jambo hilo siku mbili, chai haipandi wala haishuki, mpaka akapata ufumbuzi unaolingana na cheo chake. Umeme ukipumzika, ni haki kuwe na wa kuupokea zamu. Kwa hiyo ikaundwa Kamati ya Kuteua Kifaa cha Kuupokea Umeme Zamu, wajumbe watano, mwenyekiti akiwa Mkuu wa Itifaki, mzee mwenye miwani mbili, moja ya kusomea na nyingine ya kupitishia maamuzi.

Kamati ilikaa sebuleni kwa Naibu na kumwita fundi wa umeme wa mtaani, ambaye alifika na begi la vifaa, betri mbili za mfano kwenye mkokoteni, na penseli sikioni. Fundi hakujua mambo makubwa. Aliuliza tu, umeme ukikatika, wanataka kitu gani kiendelee kuwaka. Mwenyekiti aliagiza neno lile lisiingie kwenye kumbukumbu za kikao, fundi akaombewa radhi kwa niaba yake mwenyewe, kisha akaruhusiwa kuendelea.

Alieleza pole pole, kama mtu anayewazoea wateja wagumu. Unaandika vitu unavyotaka viwake, unajumlisha wati zake, unazidisha kwa saa unazotaka, hapo ndipo unajua betri ya kununua. Betri za lithiamu ni nyepesi na unaweza kuzitumia karibu zote. Za asidi ni nzito, na ni vizuri usivuke nusu. Wajumbe wakaomba kuzinyanyua. Ile ya lithiamu ilinyanyuliwa kwa mikono miwili tu, ikakataliwa palepale, kwa kuwa kitu chepesi hakiwezi kuiwakilisha ofisi. Ya asidi iliwashinda wanne kwa pamoja na mmoja akashika kiuno, ikapita bila kupingwa. Kuhusu inveta, fundi alishauri yenye mawimbi safi, na mwenyekiti akasema usafi ni sera ya Shirika tangu zamani.

Ikabaki orodha. Sasa, katika Shirika lile hakuna orodha inayoandikwa ovyo. Hata majina ya waliochangia maua ya msiba hupangwa kwa cheo. Kamati ilipanga vyombo vya nyumba ile kwa cheo cha mwenye chombo. Kiti cha Naibu cha kukanda mgongo kilikaa juu, kikafuata kinyolea ndevu chake, televisheni, feni, kengele ya geti, na kuendelea. Mashine ya mayai iliangukia namba kumi na nane, chini ya "Mengineyo", kwa sababu kuku hana daraja la utumishi.

Fundi alipiga hesabu pembezoni mwa gazeti. Vyote hivi kwa pamoja, alisema, inveta itagoma kabla hamjakaa vizuri. Wakitaka umeme wa saa kumi mfululizo, wachague kitu kimoja cha wati mia hivi. Mwenyekiti alivaa miwani ya pili. Basi kiwe kile chenye cheo kuliko vyote, alisema, na sote tunakijua.

Macho yakaenda ukutani. Pale ilining'inia picha ya Mkurugenzi Mkuu katika fremu ya dhahabu, na Waraka Namba Nne, uliosainiwa na Mkurugenzi Mkuu mwenyewe, ulisema wazi: picha yake, popote itakapokuwa, haitakaa gizani, yenyewe pamoja na samani inayoibeba. Itafungwa taa juu yake, kazi kwisha. Naibu aliona kichwani mayai tisini na sita yakipoa, akaona mkewe akipanda kigari na sanduku la bati, lakini utaratibu ulikuwa umefuatwa hatua kwa hatua na hakuona pa kushika. Alinyoosha mkono, akaunga mkono hoja.

Mkewe alikuwa anaweka vikombe. Aliomba kuuona huo waraka, akausoma mara mbili, midomo ikicheza. Kisha aliivua picha msumarini, akaipangusa vumbi kwa upindo wa gauni, akaiegemeza juu ya mashine ya mayai.

"Naomba kuuliza, wazee wangu," alisema. "Sasa hivi inabebwa na nini?"

Mwenyekiti aliinama, akachungulia, akashauriana na miwani zote mbili. Ilibidi akubali kuwa ni samani. Fundi akaongeza kwamba ni samani ya wati mia kamili, akaficha kicheko ndani ya begi la vifaa. Hoja ikapita kwa kauli moja, na Naibu alipiga makofi peke yake mpaka akatazamwa.

Uzinduzi wa betri ulifanyika siku ya ishirini na moja ya mayai. Mkurugenzi Mkuu, mtu mnene mwenye sauti ya kuziba barabara, alikuja kukata utepe. Majirani waliitwa kujaza viti: kinyozi, fundi cherehani, nesi wa zahanati. Mapazia yalishushwa ili picha ing'ae. Mkurugenzi Mkuu alikuwa ndiyo kwanza anaeleza jinsi umeme wetu ulivyo na bidii, umeme ukaenda kupumzika. Feni ikasimama, kipaza sauti kikafa. Katika kiza kile uling'aa uso wake wa pichani peke yake, ukimulikwa na kidirisha cha mashine. Alijitazama, akashikwa na hisia.

Ndipo chini ya kidevu cha picha kikasikika kitu kinagonga, ti, ti, ti. Mkurugenzi Mkuu aliuliza ni sauti gani hiyo inayotoka kidevuni kwake. Naibu alijibu kwamba ni matokeo, mheshimiwa.

Umeme ulipumzika kwa muda wa saa tisa na nusu. Vifaranga walitoka tisini na mmoja. Mkewe alimshika Naibu mkono mbele za watu, akacheka kwa sauti, naye Naibu alisahau kabisa kuandika chochote.

Lakini nesi alikuwa ameuomba ule waraka ausome. Ikumbukwe kwamba Shirika liligawa kalenda za bure kwa kila mteja, miezi kumi na miwili, na kila mwezi una uso wa Mkurugenzi Mkuu. Asubuhi iliyofuata foleni ilifika barabarani. Nesi alikuwa ameitundika kalenda kwenye friji ya chanjo, fundi cherehani kwenye cherehani, kinyozi juu ya kioo, na wote walitaka jambo moja tu, Shirika litii waraka wake. Karani wa kituo cha umeme, mtu mwaminifu mno, alisoma neno "popote", akaacha kuzima laini yoyote. Siku tano umeme haukupumzika hata kidogo. Mitambo ikachemka, mainjinia wakapiga mayowe.

Ilibidi ufutwe waraka au ziondoke picha. Kufuta waraka ni kukiri kosa, na kosa halimo katika muundo wa Shirika. Kwa hiyo Mkurugenzi Mkuu alisaini amri ya kuondoa sura yake nchi nzima. Maofisa walipita nyumba kwa nyumba wakimbandua bosi wao kutani, na ile ya Makao Makuu bosi aliipandia kiti akaitoa mwenyewe. Karani wa kituo alipoona kwamba jengo hilo sasa halina picha hata moja, ndiko alikoanzia kuzima.

Naibu alitumwa kuiondoa ya nyumbani kwake mwenyewe. Ndani ya mashine mlikuwa na mayai mapya, siku ya tano. Alinyoosha mkono kwenye fremu, mkewe akamtazama bila kusema neno, ukimya ule ule. Mkono ukarudi. Siku hiyo aliandika taarifa bila kumwuliza mkubwa yeyote: "Picha imetafutwa na kukutwa kazini. Itaondolewa zamu yake ikiisha."

Mayai yalipotimiza siku ya saba, Mkurugenzi Mkuu alifika kwa miguu, shati limemganda mgongoni, simu imezima, na waziri anamtafuta tangu juzi. Makao Makuu yalikuwa bado yamepumzika. Alisikia kwamba katika mtaa huu kuna mahali panawaka, akaomba achaji kidogo tu. Mama mwenye nyumba alimvutia kiti, akamletea maji ya kunywa, kisha akamwonyesha uamuzi wa Kamati pamoja na Waraka Namba Nne.

"Kuna kitu kimoja tu cha kuwashwa hapa, mzee, na saini ni yako," alimwambia kwa upole. "Picha kwanza. Wewe mwenyewe utasubiri siku kumi na nne."